Parsele ya dola 120,000: kisa cha familia iliyotaka kujenga Goma

Mwezi wa Juni 2019 nilipigiwa simu na mama mmoja aliyezaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, na kukulia Ubelgiji. Alikuwa amesimama ndani ya parsele, yaani kiwanja, huko Kyeshero, mtaa wa Goma ulio karibu na ziwa, upepo wa ziwa ukivuma kwenye simu, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Papa Injinia, njoo uone, tumeipata." Nilipomuuliza kama wameshatoa pesa, alinyamaza kidogo. Walikuwa wametoa avansi, yaani malipo ya kutangulia, ya dola 3,000 siku ileile asubuhi.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wana wetu walio Ulaya na kwa wageni wanaofanya kazi hapa, maana simu ya namna hii naipokea mara nyingi. Majina sikuyaweka, tarakimu nimezisogeza kidogo, na familia yenyewe imesoma na kuridhia. Goma ninayoieleza ni ile ya 2019 hadi 2024. Tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na habari za hati za ardhi zikawa jambo jingine ambalo halimo humu.

## Watu na mji

Mke aliondoka Goma mwaka 1996 akiwa na miaka tisa, akakua, akasoma, akachukua pasipoti ya Ubelgiji. Mume ni Mbelgiji, mtaalamu wa mabomba ya maji katika shirika la misaada, na mkataba wake ulikuwa unafanywa upya kila mwaka. Walikuwa na watoto wawili. Walipanga nyumba katika mtaa wa Himbi kwa dola 1,500 kwa mwezi, na kwa miaka mitatu walikuwa wamelipa 54,000. Mke alikuwa akiitaja tarakimu hiyo kila tulipoonana: "Elfu hamsini na nne zimekwenda, na hatuna hata jiwe moja." Akiba yao ilikuwa dola 140,000, zilizotokana na kuuza nyumba ndogo kule Ubelgiji.

Kwa nini ardhi ya Goma ni ghali namna hii? Tazama mji ulivyobanwa. Kusini ni Ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Mtu anavuka kwenda Gisenyi kwa miguu. Kaskazini ni volkano ya Nyiragongo na hifadhi ya Virunga. Njia ya kukua imebaki magharibi, kuelekea Sake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani ikafunika karibu asilimia 13 yake, na waliopoteza viwanja wakalazimika kutafuta vingine. Juu ya hayo, tangu wakimbizi wa Rwanda wa 1994, mashirika hayajaacha kuja, na shirika hulipa pango kwa dola, mara nyingine kwa miezi sita mbele. Ndiyo sababu mwenye parsele karibu na ziwa hapimi bei yake kwa mshahara wa mwalimu wala kwa mazao ya shamba. Anaipima kwa pango ambalo shirika lingelipa. Nimezaliwa katika mji huu, na jambo hili linaniuma: vijana ninaofanya nao kazi, mafundi wazuri, wanajenga nyumba za Himbi na Kyeshero mchana, na usiku wanalala kwenye nyumba za mbao ambazo hata ardhi yake si yao.

## Parsele ya Kyeshero

Ilikuwa mita 20 kwa 30. Bei iliyotajwa: dola 120,000. Jirani wa ukuta wa pili aliniambia kwamba yeye alinunua ya ukubwa uleule kwa 45,000 mwaka 2013. Sawa, miaka ilikuwa imepita. Lakini nilipomhoji mke taratibu, nilipata jambo jingine. Siku ya kwanza alikuja peke yake, amevaa kitenge, amepanda pikipiki; komisionere, yaani dalali, akamtajia 85,000. Siku ya pili alirudi na mume wake ndani ya jipu nyeupe ya shirika, bendera ikipepea mbele. Bei ikawa 120,000, na sababu aliyopewa ni kwamba "wengine wameshaitaka."

Sisemi kwamba komisionere yule alikuwa mtu mbaya. Ni kijana mwenye adabu, analipwa asilimia ya bei, na hana mshahara mwingine. Bei ikipanda, chakula cha nyumbani kwake kinaongezeka. Anayenunua ndiye anayepaswa kujua kwamba aliyemshika mkono kumtembeza hayuko upande wake.

Nilitembea kiwanja chote na mtaimbo. Udongo ulikuwa wa kina cha kiganja, kisha mwamba mweusi wa lava ya zamani. Kwa msingi wa nyumba hilo ni jema, unajenga juu ya jiwe. Kwa shimo la choo ni mateso. Shimo la mita mbili kwa tatu, lenye kina cha mita tatu, hapo lingechukua wanaume wanne wiki tatu wakigonga kwa mitaimbo na nyundo, au ungekodi kompresa. Mume alikuwa na ramani aliyochorewa na rafiki yake wa Ulaya: paa la zege lililolala, ukuta mzima wa kioo upande wa ziwa. Nikamwambia ukweli. Hapa ardhi hutetemeka. Kioo cha mita nne kinahitaji fremu ambayo hatuna, na paa lililolala litavuja katika msimu wa kwanza wa mvua kubwa. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku ni baridi, na nyumba ya hapa haina shida ya joto kama ya Mombasa au Matadi. Alisikiliza vizuri. Yeye mwenyewe ni mtu wa ufundi.

## Parsele ya bei nafuu

Bei ya Kyeshero ilipowatisha, komisionere mwingine aliwaletea kiwanja upande wa Lac Vert: mita 40 kwa 50, dola 22,000 tu. Mke akafurahi, akaanza kuhesabu miti ya maparachichi atakayopanda. Nikaomba kitu kimoja: twende saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha ardhi na kabla upepo haujaamka.

Tulifika kukiwa na ukungu mwepesi. Kiwanja kilikuwa kizuri kweli, majani mabichi, lakini upande wa nyuma kulikuwa na bonde dogo, kama bakuli, lenye mawe meusi pembeni. Bibi mmoja wa jirani alitoka nje akiwa amejifunika blanketi. Alitutazama, akamtazama mume, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hao wageni umewaambia mahali pale mbuzi hafungwi?" Akarudi ndani, akaleta mshumaa mfupi uliobandikwa juu ya kifuniko cha kopo, na kopo limefungwa kamba ndefu. Alikuwa na chombo hicho tayari; hakukitengeneza kwa ajili yetu.

Tukasimama juu, mahali penye hewa. Akauwasha mshumaa, akaushusha polepole ndani ya bonde. Moto ulisimama sawa mpaka usawa wa magoti ya mtu ambaye angekuwa amesimama chini. Kisha ukawa mdogo, ukageuka wa bluu kidogo, ukazimika. Hapakuwa na upepo. Moshi wa utambi haukupanda. Ulitambaa juu ya kitu tusichokiona, kama unavyotambaa juu ya maji. Katikati ya mawe, chini kabisa, palikuwa na mijusi miwili iliyokauka na ndege mdogo.

Hayo ndiyo mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na hujaa mabondeni usiku na alfajiri. Mtoto akishuka kufuata mpira, hapati muda wa kuita. Magharibi mwa Goma, upande wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga, mabonde ya namna hii yako mengi, na wenyeji wanayajua moja moja. Ukichimba shimo la choo au tangi chini ya ardhi mahali kama hapo, unaweza kuifungulia hewa hiyo mlango mpaka ndani ya nyumba. Naomba sana msijaribu kushuka wenyewe kupima. Waulizeni majirani, hasa wazee na watoto wachungaji, na muwaulize wakati muuzaji hayupo.

Mume alikaa kimya njia nzima. Mke alisema tu, "Maparachichi basi."

## Kadastra (ofisi ya vipimo vya ardhi) na pasipoti

Hapa nakiri kosa langu la kwanza. Wiki mbili nilikuwa nikipima mawe, kwa sababu mawe ndiyo kazi yangu. Karatasi nilizitazama mwisho.

Ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Ndivyo inavyosema sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa Julai 1980. Unachonunua ni haki ya kuitumia, nayo huthibitishwa na karatasi moja: cheti cha usajili, kile tunachokiita sertifika, kinachotolewa na konservateri, afisa wa hati za ardhi. Kikishatolewa na miaka miwili ikapita, ni vigumu sana mtu kukipinga. Fishi ya parsele, karatasi inayotolewa na ofisi za kartie (mtaa), inaonyesha kwamba fulani anajulikana pale. Haki ya ardhi haimo ndani yake. Na karatasi ya mauzo mliyoandikiana inawafunga nyinyi wawili tu, mpaka sertifika mpya itoke kwa jina la mnunuzi.

Muuzaji wa Kyeshero alikuwa na fishi, pamoja na mkataba wa muda wa miaka mitatu ambao ulikwisha zamani, wote kwa jina la baba yake aliyefariki 2008. Baba aliacha watoto watano. Aliyekuwa akiuza ni mmoja. Mwingine alikuwa Kampala, mwingine Kindu, na hakukuwa na karatasi ya baraza la familia yenye sahihi zao. Nilipomuuliza, alijibu: "Hao wote wanajua." Wanajua, lakini hawakuwa wameandika.

Kisha likaja swali ambalo lingetangulia yote. Nani angeandikwa kwenye sertifika? Sheria ina konsesio (haki ya kutumia ardhi) ya kudumu, ambayo hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo peke yake, na konsesio ya kawaida, ya muda usiozidi miaka 25 unaoweza kuongezwa, ambayo hata mgeni anaweza kuipata. Mume alijua kwamba yeye ni mgeni. Mke hakuwa amefikiri hata siku moja kwamba naye ni mgeni. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, haushikwi pamoja na mwingine. Alikuwa akiingia nchini kwa viza, ndani ya pasipoti ya Ubelgiji. Nilipomweleza, machozi yalimtoka. "Papa Injinia, kitovu changu kimezikwa hapa." Sikuwa na jibu la kumpa. Kitovu hakiandikwi kwenye daftari la konservateri.

Komisionere alikuwa na dawa yake tayari: waandikishe kwa jina la ndugu. Wanaofanya hivyo ni wengi mno hapa mjini, na baadhi yao ndio ninaokutana nao kwenye baraza za mahakama.

## Jioni kwa Mjomba

Ndugu wa karibu aliyebaki Goma alikuwa mjomba wa mke, mwalimu mstaafu, anaishi Katindo katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya msingi wa mawe. Tulikwenda jioni, mke amebeba sukari na sabuni. Mamamkwe wa nyumba, maana ndivyo tulivyomwita kwa heshima mke wa Mjomba, alitupikia sambaza (samaki wadogo wa ziwa) na bugali, na hakuna aliyezungumza habari ya ardhi mpaka tumenawa mikono.

Mke akaeleza yote. Mjomba akasikiliza, kichwa chini. Halafu akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku ile:

"Mwanangu, jina langu nakupa hata kesho. Lakini nikifa, watoto wangu watarithi jina. Nia yangu hawatairithi."

Akainuka, akaleta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na sertifika yake ya tangu miaka ya themanini, imekunjwa mara nne, kona moja ina doa la jasho. Mwaka 2002 alikimbia lava akiwa ameifunga kifuani chini ya shati; redio na godoro aliviacha. Akatuonyesha mipaka kwenye kijiramani kilichobandikwa: mita 25 kwa 40, na nyumba yake imekalia upande wa mbele tu. "Nyuma ni migomba," alisema. "Jengeni pale, mkae miaka yenu, mkiondoka mniachie nyumba. Ila tuandike, na watoto wangu watie sahihi nikiwa hai na macho yangu yanaona."

Sijakutana na wakili aliyewahi kulieleza jambo hilo vizuri zaidi.

## Hesabu

Usiku ule nililala na kalamu. Njia ya Kyeshero ilikuwa hivi: parsele 120,000, nyumba ya mita za mraba 180 kwa dola 500 kila moja, 90,000, ukuta wa nje, tangi la maji, shimo la choo, sola na vibali, 25,000. Jumla 235,000, nao walikuwa na 140,000. Zilizobaki, 95,000, wangekopa Ubelgiji. Pango lao Himbi lilikuwa 18,000 kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba ingejilipa baada ya miaka 13, kama hakuna kesi, hakuna lava, na kama mkataba wa mume wa mwaka mmoja mmoja ungefanywa upya mara 13.

Mwenye mali anayelipangishia shirika kwa 2,500 kwa mwezi hupata 30,000 kwa mwaka, na nyumba ileile inajilipa kwa miaka isiyofika minane kabla ya kodi ya mapato ya pango. Huyo akiambiwa 120,000 anaweza kukubali na akala usingizi. Familia inayotaka kulala ndani ya nyumba yenyewe ndiyo inayoumizwa na bei hiyo.

Njia ya Mjomba: nyumba ya mita za mraba 110, dola 48,000, na kodi ndogo ya 200 kwa mwezi kwa heshima ya mwenye ardhi. Walikuwa wanaokoa 1,300 kila mwezi ukilinganisha na Himbi. Miaka mitatu na mwezi mmoja ingetosha kurudisha pesa zao, na mkataba ulikuwa wa miaka kumi.

## Uamuzi

Mwezi Agosti 2019 waliiacha Kyeshero. Mume alikubali mapema kwa sababu ya deni. Mke alichelewa, kwa sababu alitaka kuwa na kitu chenye jina lake katika mji wake, na hamu hiyo naiheshimu, haikuwa ujinga. Alichonieleza baadaye ni kwamba kilichomgeuza ni wale ndugu watano. Hakutaka kuanza maisha Goma akiwa amesimama mahakamani na watoto wa marehemu.

Avansi ilikuwa vita nyingine. Karatasi ya desharji, yaani risiti ya kupokea pesa, ilisema tu "amepokea dola 3,000 kwa ajili ya parsele," bila sharti lolote. Chifu wa avenyu alituketisha mara tatu. Mwishowe muuzaji alirudisha 1,000. Mbili zilikuwa zimeliwa.

Mkataba na Mjomba tuliuandika mbele ya notere, afisa anayethibitisha mikataba: miaka kumi tangu siku ya kuhamia, kodi 200, wana haki ya kumpangishia mtu mwingine, wakifukuzwa kabla ya muda, warudishiwe thamani ya nyumba ikipungua 4,800 kila mwaka, muda ukiisha, nyumba ni ya Mjomba au warithi wake. Mke wa Mjomba na watoto wake wanne watu wazima walitia sahihi kila ukurasa. Mmoja wao, mkubwa, alitaka kwanza kuelewa kifungu cha kufukuzwa, na tulikirudia naye mpaka akaridhika. Saa nzima ilipita hapo, na naona ndiyo saa iliyofaa kuliko zote katika kazi hii.

## Yaliyofuata

Tulianza Oktoba 2019. Msingi wa mawe ya lava, kuta za bloku za saruji, nguzo za zege pembeni na mkanda wa zege juu ya milango na juu ya kuta kuzunguka nyumba yote. Paa la kuinama, mabati mazito yaliyopakwa rangi, kwa sababu moshi wa volkano unafanya mvua iwe na asidi na mabati mepesi hula kutu mapema. Watu wa Rusayo na Sake wanalijua hilo zaidi yetu. Maji ya paa yalikuwa ya kufulia na kuoshea vyombo tu.

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa watu kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kuvuka, lakini saruji na nondo zilipanda bei, na tukasimama wiki tano. Pesa za ujenzi zilipokaribia kuisha, mke aliomba jiko la nje la makaa, ubavuni mwa nyumba. Nililijenga bila kuunganisha mkanda wake wa zege na ule wa nyumba. Nilijua. Nilijiambia ni jiko tu. Walihamia Julai.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga la kaskazini likawa jekundu. Familia ilivuka kwenda Gisenyi kwa miguu usiku ule, Mjomba akiwa na sanduku lake la bati. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kisha yakaja matetemeko, mchana na usiku, na nyufa zikafunguka barabarani mpaka katikati ya mji. Tarehe 27 Mei kartie 10 kati ya 18 ziliamriwa kuhama. Wao walipanda boti kwenda Bukavu.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imesimama bila ufa. Jiko lilikuwa limepasuka kutoka kona ya mlango hadi juu, mahali palepale liliposhikana na nyumba. Ningeweza kuingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukarabati uligharimu dola 1,100. Nilitaka kulipa, wakakataa, tukagawana kazi na vifaa.

Desemba 2022 mkataba wa mume ulikoma. Walikuwa wamekaa miezi 30. Ukijumlisha 48,000 za ujenzi, 6,000 za kodi, 1,100 za jiko na 2,000 za avansi iliyopotea, unapata 57,100. Wangebaki Himbi wangelipa 45,000. Kwa maana hiyo, siku wanaondoka, walikuwa nyuma kwa 12,100. Nyumba ilipangishwa kwa 900 kwa mwezi, 200 za Mjomba, 700 zao, na kufikia Juni 2024 pengo lilikuwa limezibwa. Wapangaji waliondoka Januari 2025.

## Kilichofaa na kilichoshindwa

Kwa pesa peke yake, kubaki wapangaji wa Himbi kungekuwa karibu sawasawa, na bila usumbufu wa saruji na nondo. Nasema hivi wazi kwa sababu wengi huniletea simu wakiwa na hakika kwamba kupanga ni kutupa pesa. Kupanga katika mji wenye volkano, wakati kazi yako ni ya mwaka mmoja mmoja, ni kununua uhuru wa kuondoka, na uhuru huo una bei yake halali. Kosa letu sote lilikuwa kuhesabu miaka kumi kwa sababu ndiyo waliyoitaja kwa mdomo. Mkataba wa kazi wa mume ulikuwa umeshatuambia tarakimu nyingine. Leo naomba kuuona.

Kifungu cha kumpangishia mtu mwingine kiliwaokoa. Mimi sikukifikiria, aliyekiweka ni mume, aliyezoea mikataba ya mabomba ambayo kila mara huuliza mradi ukifa katikati itakuwaje. Na sahihi za watoto wa Mjomba zimeshafanya kazi: mwaka 2023 mmoja wao alitaka kumweka shemeji yake ndani ya nyumba, na kaka yake mkubwa, yule aliyeuliza maswali kwa notere, ndiye aliyemtolea ukurasa na kumsomea.

Kuhusu jiko sina utetezi. Mkanda wa zege ukikatika mahali pamoja, tetemeko litapaona hapo. Siku hizi mteja akikosa pesa za kuunganisha, jengo hilo la pembeni silijengi kabisa. Namshauri atumie mbao na mabati kwanza.

Mpangilio wetu wa kuuliza ulikuwa kinyume. Tulianza na bei, tukaenda kwenye mwamba, tukaishia kwenye karatasi na pasipoti. Pasipoti ingechukua dakika mbili. Karatasi, asubuhi moja kwenye kadastra. Mwamba, siku mbili. Bei ndiyo ingekuja mwisho, na pengine tusingefika huko. Dola 2,000 zilizoliwa zilikuwa mshahara wa miezi mingi wa mwalimu wa Goma.

Parsele ya Kyeshero iliuzwa Novemba mwaka uleule wa 2019, kwa dola 95,000, kwa mtu mwingine aliyekuja kutoka nje. Mwaka 2021 ndugu wa Kindu alifika na kufungua kesi. Mara ya mwisho nilipopita pale kulikuwa na ukuta wa mawe meusi, geti la chuma lililofungwa mnyororo, majani yamefika kiunoni ndani, na getini maandishi ya rangi nyekundu: PARSELE HII HAIUZWI.